Mjadala: Maisha magumu Komoro, tuilaumu bahari au tuwalaumu wakubwa?

Komoro ikitajwa tu, watu hugawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema kisiwa ni kisiwa. Mchele unatoka Asia, mafuta yanatoka mbali, saruji na ng'ombe vinavuka kutoka kwetu Tanzania, kwa hiyo bei ikipanda duniani lazima ipande na Moroni, mji mkuu wao. Wa pili wanasema acheni kuisingizia bahari, nchi imeliwa na wakubwa wake. Mimi nimo upande wa pili, ila si kwa sababu ile inayotajwa sana, na ndiyo maana nimeona nilete hoja hii tuijadili.

Kwanza tuwape haki yao wanaolaumu bahari, maana hawabwabwaji. Bandari ya Moroni ina kina kifupi. Meli kubwa haifungi gati pale. Inatia nanga nje, mzigo unahamishiwa kwenye matishari, tishari linavutwa hadi ukingoni, na makuli wanaanza kuupakua upya. Bahari ikichafuka kazi inasimama, lakini gharama za meli hazisimami, na anayekuja kuzilipa mwisho wa yote ni mama anayenunua kilo mbili za mchele dukani. Mutsamudu, bandari ya kisiwa cha Anjouan, maji ni marefu, lakini mzigo wa Ngazija, kisiwa ilipo Moroni, ukishushwa huko bado unahitaji chombo kingine cha kuuvusha. Na Ngazija ndiko waliko watu wengi zaidi.

Halafu kuna faranga yao. Imefungwa kwenye euro, kama faranga 492 kwa euro moja, na faida yake ni kwamba haiporomoki ovyo kama ariary ya Madagascar. Lakini mchele na mafuta hununuliwa kwa dola. Mwaka 2022 euro ilishuka hadi ikawa sawa na dola kwa mara ya kwanza baada ya miaka kama 20, wakati huohuo vita ya Ukraine imeshapandisha bei ya nafaka na mafuta. Komoro ikapigwa mara mbili kwa mpigo. Mchele uliadimika, bei ya mafuta vituoni ikapandishwa. Mwaka uliofuata, Julai, India ikazuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Hakuna waziri wa Moroni aliyesababisha hayo, awe mwizi awe walii.

Nikifika hapa huwa naambiwa, basi umekubali. Bado. Twendeni Shelisheli.

Shelisheli nao ni visiwa, tena vidogo kuliko Komoro, na karibu kila kinacholiwa kinaletwa na meli. Mwaka 2008 walishindwa kulipa madeni ya nje. Wanalo hata shirika la serikali linaloagiza bidhaa muhimu, STC, mchele ukiwemo. Maisha Victoria ni ghali, na nathubutu kusema ni ghali kuliko Moroni. Lakini katika orodha ya rushwa ya Transparency International ya mwaka 2024, ambayo alama nyingi maana yake ni rushwa ndogo, Shelisheli ilipata alama 72 kati ya 100, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Komoro ilipata 21.

Kwa hiyo wenzangu tunaopiga kelele za ufisadi tukubaliane jambo moja: usafi wa viongozi haushushi bei ya mchele. Anayewaahidi watu kwamba wezi wakiondoka kilo itashuka anawadanganya. Ufisadi unafanya kazi mahali pengine. Unaamua kama kuna kitu cha kuudaka mshtuko kabla haujamfikia mwananchi, yaani akiba ya hazina, bandari iliyojengwa, umeme unaowaka, mshahara unaolipwa kwa wakati. Bei ya dunia inapanda kwa wote. Tofauti ni nani ana godoro la kuangukia na nani anaangukia mwambani.

Sasa tuone godoro la Komoro lilikwenda wapi.

Wengi tunaikumbuka Machi 2008 kwa sababu askari wetu walitua Anjouan na majeshi mengine ya Umoja wa Afrika kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyekaidi serikali ya Moroni. Rais pale Moroni alikuwa Ahmed Abdallah Sambi. Lililotupita wengi ni kwamba mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi. Falme za Kiarabu na Kuwait wana watu waitwao bidun, waliozaliwa kulekule lakini hawana uraia wa nchi yoyote. Komoro ingewapa pasipoti, Ghuba ingelipa, na fedha zingejenga barabara, maji na umeme. Kwa nchi isiyo na mafuta wala madini wazo lile halikuwa la kijinga, ingawa kuuza uraia wa watu wasioijua hata ramani ya visiwa vyako ni jambo la kutia kichefuchefu. Hilo lina mjadala wake.

Kilichofuata ni pasipoti kuuzwa kwa milango ya nyuma. Ripoti ya bunge iliyotoka 2018 ilisema huenda hadi dola milioni 971 zilipotea. Wagawieni wananchi wa Komoro fedha hizo, nchi yenye watu laki nane na ushee, na kila mmoja anapata zaidi ya dola elfu moja, kichanga wa jana akiwemo. Juni 2023 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 43 kwa miaka minne, tena kwa masharti ya kurekebisha hesabu na mashirika ya umma. Ziwekeni hizo mbili kando kwa kando. Zinazodaiwa kupotea ni zaidi ya mara 20 ya zile ambazo nchi ilibidi izipigie magoti.

Novemba 2022 Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akiwa ameshakaa kizuizini tangu 2018. Aliyakana mashtaka yote na akagoma kushiriki kesi, akisema hatatendewa haki. Mahakama iliyomhukumu ni ile ya usalama wa taifa, ambayo hukumu zake hazina rufaa. Wafuasi wa Rais Azali Assoumani wanaishika hukumu hii kama ushahidi kwamba vita dhidi ya ufisadi inapiganwa kweli.

Na hapa ndipo ninapoachana nao. Simlilii Sambi. Sheria ilipita yeye akiwa rais, na maswali lazima ayajibu. Lakini nchi inayotaka kweli kuzuia wizi haianzi na mahakama isiyo na rufaa. Inaanza na wahasibu. Komoro ilikuwa na tume ya kuzuia na kupambana na rushwa, iliyowekwa kwa sheria. Mwaka 2016, Azali aliporudi madarakani, akaifuta kwa dikrii, yaani amri yake, kwa maelezo kwamba haijazaa matunda. Mahakama ya Katiba ikabatilisha, ikasema dikrii ya rais haiwezi kufuta sheria. Vizuri. Lakini makamishna waliomaliza muda hawakuongezewa, na wapya hawakuteuliwa kwa miaka. Tume ikabaki hai kwenye karatasi, ofisini hakuna mtu.

Na ile Mahakama ya Katiba? Aprili 2018 nayo ikasimamishwa, mamlaka yake yakahamishiwa Mahakama ya Juu. Julai mwaka huohuo ikapigwa kura ya maoni iliyobadili utaratibu wa urais kuzunguka baina ya visiwa, Azali akapata njia ya kugombea tena. Januari 2024 tume ya uchaguzi ilitangaza ameshinda kwa karibu asilimia 63, huku waliojitokeza kumchagua rais wakiwa asilimia 16 tu. Ikaja Mahakama ya Juu ikatangaza waliojitokeza ni asilimia 56. Kutoka 16 hadi 56! Mtu akiniuliza kwa nini siamini hesabu za mashirika ya umma ya nchi hii, nitamjibu kwamba sijaamini bado hesabu za watu waliosimama kwenye foleni mchana kweupe.

Wakati matokeo yale yanatangazwa, vijana waliingia barabarani. Nyumba ya waziri wa zamani ikachomwa moto, na watu wakavamia ghala la chakula la taifa. Hilo la ghala tulitazame vizuri, maana linasema mengi kuliko hotuba za wapinzani.

Mchele wa kawaida Komoro, ule wa mtu wa kipato cha chini, unaagizwa na shirika la serikali, ONICOR. Mafuta yana shirika lake la serikali. Umeme una SONELEC, ambayo inategemea sana majenereta ya dizeli, kwa hiyo mafuta yakiyumba na taa zinazima. Mchele, mafuta na umeme, yaani kila ambacho mtu hawezi kukikwepa, vinapita kwenye mashirika ambayo wakuu wake wanateuliwa na walioko juu na wanaondolewa na haohao. Bosi wa namna hiyo anajua anayemfurahisha ni nani, na si mteja. Meli ikichelewa kwa sababu fedha za kuagiza hazikutengwa mapema, bei ya serikali inabaki palepale kwenye makaratasi, ila mfuko wa mchele haupo. Ukija kuonekana, uko kwenye duka la pembeni kwa bei nyingine. Takwimu haitauandika huo kama mfumuko wa bei, lakini mwenye sufuria anajua ameshalipa.

Ndiyo maana nasema shirika la serikali kuagiza mchele si dhambi. Shelisheli wanalo na hawavunji maghala. Tatizo ni shirika la kuagiza mchele lisilo na wa kulikagua, katika nchi ambayo mkaguzi ameondolewa na hakimu aliyemtetea mkaguzi naye ameondolewa.

Kuna hoja mbili nyingine huwa zinatupwa katikati. Ya kwanza ni Ufaransa: faranga imefungwa, kisiwa cha Mayotte kimebaki mikononi mwao, na visa ya kuingia huko iliyowekwa 1995 imegeuza mkono wa bahari wa kilomita 70 hivi kutoka Anjouan kuwa kaburi la wanaopanda boti ndogo za kwassa. Yote kweli, na sina la kuipunguzia Ufaransa. Ila Ufaransa haikuifuta ile tume mwaka 2016.

Ya pili inaniudhi zaidi, nayo ni kwamba Wangazija wanajitia umaskini wenyewe kwa anda, ile harusi kubwa ya dhahabu na ng'ombe ambayo mtu huiwekea akiba nusu ya maisha. Julai na Agosti wanakuja jamaa wa Ufaransa, wenyewe wanawaita je-viens, na masoko yanachangamka hadi bei zinakosa adabu. Ni kweli bei hupanda msimu ule. Lakini fedha zinazotumwa na hao jamaa ni kama sehemu ya tano ya pato lote la nchi. Mchele ulipoadimika na bei ya mafuta ilipopaa, aliyeudaka mshtuko ni mtu anayeosha vyombo Marseille na kutuma euro 50 kwao. Yeye ndiye hazina ya akiba ya Komoro. Kumlaumu kwa kuozesha binti yake kwa fahari wakati mamilioni ya dola za pasipoti hayana maelezo ni kukosa haya.

Najua nitaambiwa nazungumzia ya jirani wakati kwetu bara na Zanzibar kuna ya kwetu. Tupo, na tutafika. Nimeichagua Komoro kwa sababu ni ndogo kiasi kwamba mnyororo mzima unaonekana kutoka tishari hadi sufuriani, bila gesi wala dhahabu ya kuficha shimo.

Basi wa upande wa bahari, msinijibu kwa bei za dunia, hizo nimeshazikubali. Nijibuni hili: bandari, vita na India vilihusika vipi na kuachwa wazi kwa viti vya makamishna wa rushwa? Na wafuasi wa Sambi, nanyi msinijibu kwa ubaya wa Azali. Semeni fedha za Ghuba zilizoingia kihalali, zile ambazo hakuna anayezibishia, zilijenga nini, kisiwa gani, na nani alisaini.