Bangi inapandisha CD4 kweli? Namuulizia mdogo wangu

DadaMkubwa_Moro
Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu yuko kwenye ARV tangu 2016, nakaa naye. Mwaka jana alikonda hadi suruali akawa anaifunga kwa kamba. Sasa kuna mtu kijiweni kamwambia avute bangi kila jioni, eti inapandisha CD4, zile chembe za kinga zinazopimwa kliniki. Na kula anakula kweli: juzi kamaliza ugali na dagaa, akaomba na ukoko. Nilifurahi, siwafichi.

Jana nafagia chumbani kwake nikakuta kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Nikalifungua. Majani yamegandana, yameota manyoya meupe kama mkate uliosahaulika kabatini, na linanuka unyevu. Halafu ana kikohozi, hii wiki ya pili. Sheria naijua, naomba msinihubirie. Nataka kujua bangi inafanya nini kwenye kinga yake.

MfamasiaMstaafu
Pole, mwanangu. Naanza na kopo kwa sababu ndilo linalonitisha. Manyoya hayo ni ukungu, na kwenye bangi iliyohifadhiwa na unyevu huota fangasi aina ya Aspergillus. Moto wa msokoto hauui mbegu zake zote, nyingine huvutwa moja kwa moja hadi kwenye mapafu. Mtu mwenye kinga imara huzimaliza. Mwenye CD4 za chini zinaweza kumea humo ndani, na dalili zake hufanana na za TB. Kikohozi cha wiki mbili kwa mtu wa ARV hakingojwi. Apimwe makohozi wiki hii.

Sasa swali lako. Chembe nyeupe za damu na wengu vimejaa vipokezi viitwavyo CB2, vilivyotambuliwa 1993. Mwili una kemikali zake za kuvigusa. THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, nayo inavishika. Ikivishika, seli za kinga hupunguza kuitana na uvimbe hutulia. Hilo limeonekana sana kwa panya na kwenye vyombo vya maabara. Lakini kumtuliza askari si kuongeza askari. Aliyemwambia kuhusu CD4 amempotosha.

Wanaosema itampandishia virusi mara moja nao wanatia chumvi. Mwaka 2003 Donald Abrams na wenzake wa San Francisco walichapisha jaribio la watu 67 wenye VVU, siku 21: kundi moja lilivuta bangi, jingine lilimeza THC ya kidonge, la tatu kidonge kisicho na dawa. Wingi wa virusi haukupanda kwa wavutaji. Ila siku 21 ni chache mno kumhukumia mtu anayevuta kila jioni mwaka mzima.

Hamu ya kula si uongo. Marekani iliruhusu kidonge hicho cha THC, dronabinol, kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokonda tangu 1992. Kwa hiyo usimwambie anajidanganya, hatakusikiliza tena.

FigoYaDada
Naongezea moja kuhusu mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi, maana watu wanayaona salama kwa kuwa hayaleweshi. Mimi nina figo niliyopewa na dada yangu, nameza tacrolimus kila siku ili mwili usiikatae. Binamu aliniletea kichupa kutoka nje, nikaweka matone chini ya ulimi kwa ajili ya usingizi. Baada ya siku kadhaa mikono ikaanza kutetemeka, kikombe cha chai kinagonga kisahani. Kupima damu, tacrolimus imepanda mno. CBD inazuia vimeng'enya vya ini vinavyoivunja dawa hiyo. Ningenyamaza kliniki, ningeipoteza figo ya dada. Amwambie daktari, hata kama ni aibu.

MfamasiaMstaafu
Sahihi kabisa. Dada wa Moro, anatumia dawa nyingine yoyote zaidi ya ARV? Ziandikwe zote kwenye karatasi, aende nayo.

DadaMkubwa_Moro
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekaa naye jioni, tukafungua kopo pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Aliangalia ule ukungu muda mrefu, akasema hakuwahi kuuona, maana huwa anasokota gizani. Amelimwaga chooni mwenyewe. Kuacha kabisa hajaahidi, na sikumlazimisha. Kesho tunaenda kliniki kwa ajili ya kikohozi. Karatasi ya dawa ameiandika, na bangi ameiandika mstari wa mwisho. Amekubali kusema, ila mimi nibaki nje kwenye benchi.