Watawa wa Kibudha waliochomeana mahekalu: waligombania imani au mamlaka?

MLETA MADA:
Wakuu, nimechoka kusikia kwamba Wabudha hawajawahi kumwaga damu wenyewe kwa wenyewe. Someni habari za Japani.

Karibu na Kyoto upo mlima Hiei. Mtawa Saichō alijenga hekalu lake huko mwaka 788, ndilo Enryaku-ji, makao ya dhehebu lake la Tendai. Chini, upande wa ziwa Biwa, lipo hekalu la Mii-dera. Nao ni Tendai vilevile, dhehebu la Saichō yuleyule. Lakini mwaka 993 kundi moja lilifukuzwa mlimani likahamia Mii-dera, na uadui ukaanza. Mwaka 1081 watawa wa mlimani walishuka na silaha wakalichoma, na baadaye wakalirudia mara nyingi.

Kisa kimoja kikubwa? Mii-dera walitaka mahali pao wenyewe pa kupokelea watawa wapya. Saichō naye alihangaika miaka akimwomba Kaizari ruhusa hiyohiyo, ili asiwategemee wakubwa wa mahekalu ya Nara, mji mkuu wa zamani. Ilitoka mwaka 822, siku chache baada ya yeye kufa. Warithi wake wakawanyima jirani zao kilekile alichokililia mzee wao! Hapo ndipo panaponiuma. Anayepokea watawa ndiye mwenye wafuasi, wafadhili na mashamba.

Mii-dera wanayo kengele ya kale yenye mikwaruzo. Husimuliwa kwamba Benkei, mtawa mwenye nguvu za ajabu, aliiiba akaiburuta hadi Hiei. Ilipogongwa ikalia "ino, ino", yaani nataka kurudi kwetu, naye akaitupa bondeni kwa hasira. Ni hadithi, lakini ndivyo walivyomkumbuka jirani yao.

Msimamo wangu: imani ilikuwa kisingizio tu.

MCHANGIAJI:
Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Nichiren je, mtawa aliyeasisi dhehebu lenye jina lake? Mwaka 1260 aliwaandikia watawala wa kijeshi wa Kamakura kwamba matetemeko, njaa na maradhi vimekuja kwa sababu watu wameiacha Sutra ya Lotasi (andiko takatifu la Kibudha) na kushika ibada ya kulitaja jina la Buddha Amida. Alipelekwa uhamishoni mara mbili, na hakurudi nyuma. Huyo aligombania shamba gani? Halafu mwaka 1536 mfuasi wake mmoja, wala si mtawa, alimshinda mtawa wa Hiei kwenye mdahalo hadharani Kyoto. Mwaka huohuo Hiei na washirika wao wakayachoma mahekalu 21 ya Nichiren mjini humo. Kisa mdahalo! Kama hayo si mafundisho, ni nini?

MLETA MADA:
Kwa Nichiren mwenyewe nakubali, na lile neno "tu" nalifuta. Ila kufikia 1536 wafuasi wake walikuwa na silaha, wanaendesha mitaa ya Kyoto na kugoma kulipa kodi. Miaka minne kabla walishiriki kulichoma Hongan-ji la Yamashina, hekalu la wafuasi wa Amida. Mdahalo ulikuta kuni zimeshakauka.

Tena Yijing, mtawa Mchina aliyefika India karne ya 7, aliwakuta Wamahayana (wafuasi wa Mahayana, tawi kubwa la Ubudha) na wasio Wamahayana wakishika kanuni zilezile za utawa. Kilichowatofautisha, anasema, ni kwamba Wamahayana huwaabudu bodhisattva (watakatifu walio njiani kuwa Buddha) na kusoma sutra za Mahayana. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko ya Hiei na Mii-dera, lakini utawa wao ulikuwa mmoja.

Jambo linalonisumbua ni hili. Mwaka 1868 serikali mpya ya Kaizari Meiji ilitenganisha Ubudha na Shinto, dini ya asili ya Japani, mahekalu yakaanza kubomolewa, na ghafla madhehebu hayahaya yakaunda umoja wa kujitetea. Je, walikuwa wamepatana, au waliogopa pamoja? Mwenye hoja karibu.