Tupeane uzoefu: siku ya kumwaga slabu, hatari ziko wapi?

Kabari:
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa mafundi, maforemani na wenye nyumba wanaojisimamia. Tuongelee siku moja tu, ya kumwaga slabu (sakafu ya zege) ya ghorofa ya kwanza. Habari za "kuna mtu alikufa mtaa wa pili" tuziache, leteni vipimo na sababu.

Naanza na uzito. Zege bichi lina kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya sentimita 15 ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo nyumba ya mita 8 kwa 10 ina karibu tani 29, na siku hiyo zege halijibebi hata kidogo. Ukipanga mirunda (miti ya kushikilia slabu kwa chini) kila sentimita 90, kwa urefu na upana, mmoja unabeba kilo 290 kabla hujahesabu mbao, nondo na watu. Watu wa ndoo wakirundika zege sehemu moja mpaka kimo cha sentimita 60, hapo uzito umepanda mara nne. Mwaga na kusambaza papo hapo. Kofia ngumu vaeni, ila tani 29 zikishuka kofia haina la kusema.

FundiBodi:
Umegusa penyewe. Mrunda mara nyingi haupondeki kwa uzito, unapinda katikati kisha unachomoka. Ule wa mita 3 ukiufunga mbao katikati, njia zote mbili (kushoto kulia na mbele nyuma), nguvu yake ya kukataa kupinda inakaribia mara nne. Ufunge njia moja tu, utapinda kwenda ile nyingine. Halafu weka mbao za mshazari, la sivyo msitu mzima wa mirunda unalala upande mmoja kama majani.

Kuunga mrunda: ukigonga misumari kichwa kwa kichwa umetengeneza bawaba. Kata vichwa viwe sawasawa, zungushia vipande vya mbao vya mita 1 pande zote 4, misumari ya inchi 4, na kiungo kisiangukie katikati. Mirunda iliyoungwa isipangwe jirani kwa jirani.

Wenye jeki za chuma badala ya mirunda, angalieni pini inayoshikilia urefu wake. Kipande cha nondo ya milimita 10 si pini. Kinapinda taratibu na jeki inashuka bila mtu kuona.

Chepe:
Na chini kukiwa kifusi cha kujazia?

Kabari:
Hapo ndipo penye shida kubwa kuliko mrunda wenyewe, mkuu. Kishindiliwe kwanza, tabaka kwa tabaka. Kisha laza mbao nene ya inchi 2 kwa 8 ipite chini ya mirunda kadhaa, usiweke kipande kimoja kimoja. Vipande vya tofali hapana, vinapasuka. Kabari, vile vipande vya mbao vilivyochongwa vya kukazia mrunda, zikae mbili mbili zikitazamana, ukishapata levo uzipige misumari ili mtikisiko wa vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane) usizilegeze. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia kazi, pita upya mrunda kwa mrunda, maana maji yakiingia kwenye kifusi kinatitia.

Wakati wa kumwaga, chini asikae mtu. Ning'iniza uzi wenye uzito kutoka kwenye mbao za slabu, ncha yake ikae karibu na alama iliyowekwa kwenye kigingi, na mtu mmoja aangalie akiwa nje. Uzi ukishuka, kazi ya kumwaga zege isimame.

Milimita12:
Umeme umesahaulika. Nondo hapa kwetu inakuja ya mita 12. Ukiisimamisha kuipandisha juu na mbele ya kiwanja inapita laini ya kilovolti 11 au 33, umeme unaruka kabla hujagusa. Pandisha ikiwa imelala, au ikate chini kwanza. Vaibreta ya umeme iingie kwenye swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Waya ipite juu kwenye mirunda, isilale kwenye maji ya zege.

Na ncha za nondo za kolumu (nguzo za zege) zilizobaki wima zipinde au zivike chupa za maji. Chupa haimkingi anayeanguka kutoka juu, inasaidia tu zionekane.

Ndoo20:
Ngozi je? Zege likiingia ndani ya buti haliumi mwanzoni, unashtukia jioni ngozi imeungua mpaka nyama. Vua buti papo hapo, osha kwa maji mengi ya bomba, vua na soksi. Mafuta ya mgando si kinga.

SitePlani:
Mirunda inatolewa lini? Naona wengi wanatoa siku ya 7.

FundiBodi:
Siku ya 7 zege la kawaida lina kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, na hapo ni kama lilimwagiliwa. Bodi (mbao za kushikilia zege) za pembeni za biimu, ile mihimili ya zege inayobeba slabu, toa baada ya siku moja au mbili. Mirunda ya slabu iache siku 14, ya biimu 21. Kama juu mmeshapanga tofali za ghorofa inayofuata, ongezeni.

Mpangilio wa kutoa nao una kanuni. Slabu na biimu zilizoshikwa pande zote, anzia katikati uelekee kwenye kolumu. Baraza inayoning'inia, iliyoshikwa upande wa ukuta tu, anzia ncha ya nje uelekee ukutani. Ukianza ukutani, ile ncha inabaki imeegemea mrunda wa mwisho, inapasuka chini mahali ambapo hakuna nondo.