Mjadala: Orodha ya C inakili stringi, au ishike pointa tu?

Wakuu wa Tabora na Kigoma, huu ubishi unarudi kila tunapokaa na vijana wanaojifunza lugha ya programu ya C, na ni bora tuulete hadharani kwa sababu ndio unaoamua tunawafundisha nini. Una orodha ya nodi, yaani vipande vilivyoungana, kila kimoja kikielekeza kinachofuata, na kila nodi inabeba stringi, yaani maandishi kama jina. Funksheni ya kuongeza nodi ichukue nakala yake ya hilo jina, au ihifadhi pointa tu (anwani ya mahali jina lilipo kwenye memori) na suala la memori abaki nalo aliyeiita?

Mimi nasema inakili.

Chukueni programu hii, ambayo mwalimu yeyote wa C ameshaiona kwa sura moja au nyingine. Kijana ana faili la stesheni: Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kigoma. Anasoma mstari mmoja mmoja kwa fgets, akitumia bufa moja (nafasi ya muda ya kuwekea maandishi), char mstari[64], na kila mara anaita ongeza(&orodha, mstari). Akichapisha orodha inatoka Kigoma, Kigoma, Kigoma, mara sita. Kompaila haikulalamika hata kidogo. Nodi zote zinaelekeza kwenye bufa ileile, na bufa ni kama ubao wa darasani: linalosomeka ni lililoandikwa mwisho.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwambie kijana huyo atumie vyombo vya kukagua memori: akompaili kwa -fsanitize=address, au aiendeshe programu ndani ya Valgrind. Havitamwambia chochote kuhusu jina lililopotea, kwa sababu bufa ni halali na memori yake iko hai. Lakini aliyenakili akasahau kuachilia, yaani kuirudisha memori aliyoiomba, vyombo hivyo vinamwonyesha mpaka mstari ulioomba memori. Kosa la anayenakili lina chombo cha kulikamata. La anayeshika pointa mara nyingi linapita kimya mpaka mteja alione kwenye karatasi.

Kunakili kwenyewe si kazi. Unaomba memori kwa malloc(strlen(jina) + 1), yaani urefu wa jina na baiti moja ya kuongeza, unaangalia kama imerudisha NULL (memori imekosekana), unanakili. Hiyo moja ya kuongeza ni nafasi ya baiti ya sifuri inayofunga stringi, na ndiyo inayosahaulika sana. strdup inakufanyia kuomba na kunakili kwa pamoja. Ilikuwa ya POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) kwa miaka mingi, na sasa imo katika kiwango rasmi cha C tangu toleo la C23. Wakati wa kubomoa: weka pembeni pointa ya nodi inayofuata, achilia jina, kisha achilia nodi. Ukianza na nodi, unakwenda kusoma jina ndani ya memori uliyokwisha kuirudisha.

Wanaopinga wanasema ni gharama, na wana haki yao. "Tabora" inahitaji baiti 7, lakini malloc ya glibc (maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux) kwenye mashine ya biti 64 haitoi kipande cha chini ya baiti 32. Haya, tupige hesabu. Wakulima wa tumbaku 5,000, majina yasiyozidi herufi 23, ni baiti 160,000. Kwa kompyuta ya ofisi hicho si kitu.

Mwingine atasema: mbona Git, kile chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, inaruhusu zote mbili? Kweli, string_list ya Git ina alama iitwayo strdup_strings. Ila angalieni inavyotumika: orodha inatangazwa tangu kuzaliwa kwake, STRING_LIST_INIT_DUP (inanakili) au STRING_LIST_INIT_NODUP (inashika pointa tu), na anayesoma msimbo anajua mwenye mali ni nani. GList, orodha ya maktaba ya C iitwayo GLib, yenyewe inashika pointa tu, ndiyo maana g_list_free inaondoa nodi peke yake na data inabaki inaelea, mpaka uite g_list_free_full na kuipa funksheni ya kuachilia.

Nisichokubali kabisa ni mchanganyiko: nodi moja ina stringi ya malloc, jirani yake ina "Kaliua" iliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo. Orodha hiyo haibomoleki. Ukiita free (funksheni ya kuachilia memori) kwa zote, programu inaweza kufa palepale. Usipoita, memori inavuja.

Kuna njia ya tatu naiheshimu: orodha ipokee stringi ya malloc na kuimiliki, bila nakala. Sawa, lakini iwe funksheni nyingine yenye jina lake. ongeza_nakala ipokee const char * (stringi isiyoruhusiwa kuibadilisha), ongeza_chukua ipokee char *. Kompaila itamwonya anayepeleka const kwenye ya pili. Haitamwonya anayepeleka "Kaliua", kwani katika C stringi ya namna hiyo haihesabiwi kuwa const, labda uwashe -Wwrite-strings. Washeni.

Ninapokubali kushindwa ni kwenye vifaa vidogo. Arduino Uno R3, kibao kidogo cha kuendeshea vifaa, ina baiti 2,048 tu za RAM, na kunakili majina humo ni anasa. Walioko Kigoma mnaofanya kazi na vifaa hivyo, leteni msimbo wenu tuuone: mnaweka majina kwenye flashi (memori ya kudumu inayokaa programu), au mnatenga bufa moja kubwa na kuzipanga stringi humo zikifuatana? Na ukifuta nodi ya katikati, lile pengo mnalifanyaje?