Mtoto ana ekzema usoni, krimu ya steroidi nimpake au niache?

UmmuLangoni
Asalam aleikum, niko Lamu. Mwanangu ana mwaka na nusu, joto likizidi mashavu yanakuwa makavu yanachubuka, nyuma ya magoti ndo anajikuna usiku mpaka shuka lina damu. Daktari alisema ekzema akatupa haidrokotizoni 1%, ilimsaidia. Imekwisha, nimeenda kemisti nikapewa tyubu nyengine ati hii ndo kali itamaliza kabisa, ni klobetasoli 0.05%. Sijaifungua. Mavyaa naye asema zote hizo sumu nipake mafuta ya nazi basi. Nishike lipi jamani, roho haitulii.

NesiMalindi
Waaleikum salaam dadangu. Iweke hiyo tyubu, usimpake. Steroidi, yaani dawa za kutuliza ngozi iliyowaka, si kitu kimoja, haidrokotizoni 1% iko daraja la chini kabisa na klobetasoli iko juu kabisa, hiyo hupewa mtu mzima kwa muda mfupi tena mahali penye ngozi ngumu kama nyayo. Uso wa mtoto ni mwembamba, dawa inapenya mpaka damuni, na chini ya nepi ndo mbaya zaidi sababu pamefunikwa na pana unyevu. Rudi kwa daktari akuandikie ile ya kwanza. Kipimo: kamua mstari kwenye kidole chako cha shahada, kuanzia nchani mpaka pingili ya kwanza, huo ni kama nusu gramu na unatosha eneo la viganja viwili vyako pamoja na vidole. Paka palipowaka tu, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku alizokwambia daktari.

Mshela_1
Binamu yangu alipaka krimu ya kung'arisha uso kumbe ndani mna steroidi kali, sasa mashavu yana vimishipa vyekundu na chunusi haziishi, akiacha uso unawaka moto. Na zile tyubu za mchanganyiko, steroidi na dawa ya fangasi pamoja, ukipaka kwenye choa kinatulia juu juu huku chaenea, hata daktari hakitambui.

BiMkuu
Mavyaa ana lake la haki mwanangu. Ngozi kavu yataka mafuta kila siku hata ikiwa nzima, nazi au vaselini isiyo na manukato, ila ikishawaka mafuta peke yake hayaizimi. Umpake akitoka kuoga ngozi ingali na majimaji, dawa iache nusu saa mbali na mafuta. Udi na marashi muepushe nayo.

UmmuLangoni
Mungu awalipe, kesho asubuhi nampeleka hospitali ya King Fahd. Na kwenye kope je, maana pameanza kukauka?

NesiMalindi
Kope usiguse mpaka daktari aone, steroidi ikipakwa hapo muda mrefu yaweza kuleta presha ya macho. Na ukiona vilengelenge vinamuuma au maji ya manjano na homa, usingoje kesho, nenda usiku huo huo.