Kikuba na mawaridi ya harusi ndani ya resini: nayakausha vipi kwa unyevu huu wa Unguja?

Bint_Kikwajuni aliuliza:

Assalaam alaykum. Harusi ya mdogo wangu imebaki wiki mbili. Nataka kumhifadhia maua yake ndani ya resini, ile ya kimiminika inayoganda ikawa kama kioo: kikuba kimoja, yaani kishada cha maua cha kuvaa bibi harusi (asumini, petali za waridi, rehani, kilua na kipande cha mkadi) na mawaridi sita ya shada la mkononi, matatu mekundu na matatu ya pinki. Nina resini ya epoksi ya 1 kwa 1, chupa ya nusu lita ya resini na ya nusu lita ya hadina, ile inayochanganywa nayo ili igande. Nina pia kalibu ya silikoni ya mraba, sm 10 kwa 10 na kina sm 3, pamoja na kalibu ndogo za kuning'iniza funguo. AC ipo chumba kimoja tu.

Naona watu wanafukia maua kwenye mchele au chumvi. Inafaa kwetu? Na asumini zitabaki nyeupe? Naomba mnieleze na yale yanayoharibu kazi.

FundiMaua_Chake alijibu:

Waalaykum salaam, dada. Nianze na asumini, maana bibi harusi asipoambiwa mapema atavunjika moyo: weupe haubaki. Asumini huanza kugeuka kahawia pembezoni siku ile ile inayochumwa, na ikikaushwa vizuri kabisa inaishia rangi ya malai. Harufu nayo haibaki. Resini ikishaganda imefunga kila kitu, hakuna kitakachonukia.

Mchele na chumvi viache. Mchele unavuta maji polepole mno, ua linaoza kabla halijakauka. Chumvi yenyewe huanza kuvuta maji na kulowa unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na kwetu huko tunapita siku nyingi tu za mwaka. Kitazame kikebe cha chumvi jikoni wakati wa masika utaelewa.

Unachotaka ni silika jeli, ile laini kama mchanga, si zile chembe kubwa za pakiti za viatu. Kwa mawaridi sita nunua kilo 2. Chukua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikijaa maji. Ile ya buluu inayogeuka pinki ina kobalti, ni sumu, usiiweke penye watoto.

Kikuba usikikaushe kizima. Mkadi ni mnene, uzi unashika maji, na katikati hapapati hewa, kwa hiyo ukungu unaanzia hapo. Kipige picha kwa karibu, mbele na nyuma, kisha kifungue na ukaushe kila ua peke yake. Utakipanga upya kwa kufuata picha. Waridi likate kikonyo libakie sm 1. Tandaza silika sm 3 chini ya chombo chenye mfuniko, simamisha ua, halafu mimina silika kwa kijiko kidogo baina ya petali kwanza na pembeni baadaye, ili petali zisilale. Funika, zungushia selotepu. Asumini na rehani siku 2 hadi 3, kilua siku 4 hadi 5 kwa sababu petali zake ni nene, mkadi uliokatwa vipande vyembamba siku 5 hadi 7, waridi siku 7 hadi 10.

Petali zikilia kama karatasi usidhani umemaliza. Kitako cha waridi ndicho kinachokauka mwisho, na ndicho kinachooza ndani ya resini. Lipime kwenye mizani ndogo kama za masonara: uzito wa leo ukiwa sawa na wa jana, limekauka. Ukiwa bado unashuka, lirudishe. Maji yakibaki, ua linageuka kahawia ndani ya wiki chache, na pembeni yake panatokea ukungu mweupe na viputo ambavyo huwezi tena kuvitoa.

Likishatoka kwenye silika usiliache mezani. Kwa hewa yetu saa chache zinatosha kulilainisha. Liweke kwenye chupa iliyofungwa, na silika kidogo chini, mpaka dakika unayomimina. Silika iliyogeuka rangi itandaze kwenye trei, iingize jikoni kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2 hadi 3, rangi itarudi na utaitumia tena.

Mawaridi mekundu yanakauka yakawa karibu na meusi. Ya pinki ndiyo yanayotulia. Kama shada bado halijaagizwa, omba pinki zaidi.

La mwisho, na usilipuuze: zungumza na somo (kungwi) wa bibi harusi. Kikuba kikinyunyiziwa marashi kinabaki na madoa, mafuta ya udi au ya asumini yanafanya resini isishike na kuacha vishimo kuzunguka ua, na unga wa liwa unatia wingu kwenye resini yote. Kisongwe kikuba cha pili kwa maua yale yale, kisipakwe kitu, kivaliwe dakika za picha tu kisha kivuliwe.

Resini_Mlandege alijibu:

Ya kukausha yameshasemwa vizuri. Mimi niingie kwenye kumimina, ila kwanza kalibu yako. Waridi zima lililofunguka lina urefu wa sm 4 hadi 5. Kwenye kina cha sm 3 litatokeza. Ama ulikate nusu kwa urefu kwa wembe mkali likishakauka, ama utafute kalibu ya kina cha sm 6. Na mawaridi sita hayaenei sm 10 kwa 10. Hapo weka kikuba kilichopangwa upya pamoja na nusu mbili za waridi la pinki, basi.

Kabla ya kumimina, ziba petali. Asumini hasa: resini ikipenya petali isiyozibwa, petali inakuwa ya kuonekana upande wa pili na ua linapotea. Puliza vanishi ya akriliki isiyong'aa ukiwa mbali sm 30, mara mbili au tatu, kila mara ngoja dakika 15.

Kalibu yako inaingia ml 300 (10 × 10 × 3). Usiimimine yote kwa mkupuo. Resini nyepesi ya kawaida isizidi sm 1 kwa tabaka. Ikizidi inapata joto lake yenyewe, inapasuka au inakuwa njano, na ua linaungua. Joto letu linakaza mambo zaidi. Lebo ikisema una dakika 40 za kuifanyia kazi kabla haijaanza kuganda kwa nyuzi 25, ukifanyia kwenye nyuzi 31 hesabu kama dakika 25. Wanaoshauri kuchovya chupa kwenye maji ya moto wanaishi kwenye baridi. Wewe usifanye.

Washa AC nyuzi 24 au 25 saa mbili kabla, funga madirisha, na uwe na kipimo cha unyevu: chini ya asilimia 60 ndiyo uanze. Isikae chini ya mdomo wa AC, matone yatakuangukia. Na ukishamimina usiizime AC usiku ukafungua mlango, kwani hewa ya nje ikikutana na resini iliyopoa inaacha umande juu yake. Umeme ukikatika, ifunike kwa boksi lenye kikombe cha silika ndani.

Tabaka la kwanza mm 5, yaani ml 50: 25 za resini na 25 za hadina. Koroga taratibu dakika 4, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kisha hamishia kikombe cha pili ukoroge dakika 1 nyingine. Kile kilichobaki kwenye kuta za kikombe cha kwanza hakijachanganyika, usikikwangulie kwenye kalibu. Mimina, pitisha moto wa kiberiti cha gesi haraka haraka juu, sekunde moja mahali pamoja, na usifanye hivyo tena maua yakishaingia. Ngoja saa 4 au 5 mpaka ikinate kwenye glavu bila kuvutika uzi. Hapo panga maua, uso ukitazama chini, maana chini ya kalibu ndiyo mbele ya kazi. Yatakamatwa hapo yasielee.

Halafu waridi. Ndani yake mna hewa nyingi. Kwa bomba la sindano lisilo na ncha, tia resini baina ya petali polepole mpaka ijae, ndipo umimine tabaka linalofuata pembeni. Ukiruka hatua hii viputo vitapanda kwa saa nzima na vingine vitagandia humo humo. Tabaka zinazofuata ziachane saa 5 au 6. Zikipita saa 24, paka msasa namba 320, futa kwa spiriti, ndipo uendelee, la sivyo zitabanduka.

Usitoe kwenye kalibu kabla ya saa 48, na usiifunge kwenye zawadi kabla ya siku 7.

Mpima_Gramu alijibu:

Naongeza jambo moja linaloharibu kazi nyingi kuliko unyevu. Hiyo 1 kwa 1 ya chupa mara nyingi ni kwa ujazo, siyo kwa uzito. Resini ni nzito kuliko hadina. Ukiweka gramu 50 na gramu 50 kwenye mizani, hadina imezidi, na kazi itabaki laini. Lebo nzuri inaandika na uzani: mara nyingi gramu 100 za resini kwa gramu 83 hadi 90 za hadina. Isipoandika, pima kwa vikombe vya mistari. Usichanganye chini ya ml 20 hata kama kalibu ni ya funguo, kosa la tone moja hapo ni kubwa. Na usizidishe hadina ukidhani itaganda upesi.

Ikinata, soma inavyonata. Madoadoa huku na huku: hukukoroga vizuri. Laini kote: vipimo. Ngumu lakini juu ina utelezi kama mafuta: ni unyevu, osha kwa maji vuguvugu na sabuni, kausha, paka msasa, mimina tabaka jembamba jipya. Madoadoa kwangua, futa, mimina juu yake. Laini kote haiokoki.

Bint_Kikwajuni:

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mawili tu: jirani anatengeneza boti za faiba, anasema resini yake ni hiyo hiyo na ni rahisi. Na zile za funguo naweza kutumia resini ya taa ya kukaushia kucha?

Resini_Mlandege:

Ya boti ni ya poliesta, si epoksi. Inasinyaa ikiganda, ina rangi yake, stairini iliyomo inachuja rangi ya petali, na uso wake ukiwa wazi kwa hewa hubaki unanata. Harufu yake haifai chumbani. Mwachie boti zake.

Ya taa inafaa kwa petali moja au asumini moja iliyobanwa bapa, tabaka za mm 1 hadi 2. Waridi nene hapana. Mwanga haupiti ua, kwa hiyo nyuma yake hubaki resini isiyoganda, na siku moja itavuja.

FundiMaua_Chake:

Hizo wiki mbili zitumie. Kesho nunua waridi moja jekundu na moja la pinki, chuma asumini kumi, anza kukausha. Siku ya kumi mimina kwenye kalibu za funguo. Utamwonyesha mdogo wako rangi halisi kabla ya harusi, naye atachagua mwenyewe yapi yahifadhiwe.

Vaa glavu za nitraili kila mara, hadina ikigusa ngozi mara kwa mara inaleta mzio usiokwisha. Msasa upake kwa maji, kuanzia 400, 800, 1000 hadi 2000, pamoja na barakoa. Vumbi lake lisivutwe. Resini iliyobaki kikombeni itandaze kwenye nailoni ipoe, kwani ikijaa kikombeni inafuka moshi. Usiimwage kwenye mtaro. Ikishaganda itupe na taka. Na mwambie bibi harusi isikae dirishani wala kwenye dashibodi ya gari: jua linaitia njano, na joto la nyuzi 50 au 60 linailainisha. Birika la kahawa lisiwekwe juu yake, litaacha duara.

Kikuba kikiwa tayari, kabla ya kumwaga tabaka la pili, rudi kwenye ile picha uliyopiga. Mkadi ukae nyuma kabisa, rehani pembeni, asumini mbele. Ukishamimina huwezi tena kuhamisha hata jani.