Waridi la jiwe: Iringa linanenepa, Dar linaoza. Nakosea wapi?

Mama_Kibaraza:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaua la mwisho.

Desemba nilikuwa Iringa kwa wifi yangu. Uani ana ndoo kuukuu ya rangi imejaa echeveria, yale maua manono ambayo majani yake yamepangana duara kama waridi. Yeye huyaita mawaridi ya jiwe. Hayahudumii hata kidogo. Kuku wanakanyaga, watoto wanayapiga mpira, nayo yanazidi kuzaa vitoto pembeni. Akanipa matano, nikayafunga kwenye gazeti, nikayapakata kwenye basi mpaka Dar.

Nakaa Sinza, ghorofa ya tatu, kibaraza kinatazama mashariki. Niliyanunulia vyungu vya kauri vya kung'aa pamoja na visahani vyake, nikajaza udongo mweusi na samadi. Yalikuwa na unga mweupe, nikadhani ni vumbi la safari, nikayafuta jani moja moja kwa kitambaa kibichi. Jua la huku nililiogopa, nikayaweka ndani juu ya friji. Maji kikombe kimoja kila jioni.

Yakarefuka shingo kama mtu anayechungulia daladala. Nikafurahi, nikajua yanakua! Masika ilipoanza majani ya chini yakawa manjano, yanang'aa kama yamejaa maji, ukigusa tu linabaki mkononi. La kwanza nililiinua, kichwa chote kikatoka, chini shina jeusi na linanuka. Manne yamekwenda. La tano lina shingo ndefu kama kidole, juu bado zima.

Wifi nikimpigia anacheka tu: "Liache." Sasa niliache vipi?

Mzee_wa_Vyungu:
Pole dada. Wifi yako yuko sahihi, ila hajakueleza.

Hiyo shingo ni njaa ya mwanga, wala si kukua. Juu ya friji wewe unaona kweupe, kwake ni pango. Na ule unga ni nta, linajipaka lenyewe kujikinga na jua. Jani ulilolifuta halirudishi tena, subiri majani mapya.

Lakini kubwa ni usiku. Asili ya mmea huu ni milima ya Meksiko, huko joto la mchana likiisha usiku unakuwa baridi. Mchana hufunga vitundu vya majani ili lisipoteze maji, linavifungua usiku kuvuta hewa. Iringa usiku unavuta blanketi. Dar mwezi wa pili usiku ni nyuzi 25, unyevu umejaa, mmea haupumziki na udongo haukauki. Halafu wewe unaongeza kikombe! Kila jioni!

Fanya hivi. Kata kichwa kwa kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, acha shina kama sentimita 3. Angalia ulipokata: ukiona duara la kahawia katikati, kata tena juu zaidi mpaka pawe kijani kitupu. Kiweke kivulini siku 5 mpaka kidonda kikauke, USIKIPANDE kibichi. Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga chenye tundu, kisahani kitupe. Udongo sehemu moja, kokoto ndogo na mchanga mnene wa mto sehemu mbili. Mchanga wa baharini usiguse, una chumvi. Kaweke kibarazani lipate jua la asubuhi, ila lizoeshe kidogo kidogo, likiungua lile doa halitoki. Maji mpaka udongo ukauke hadi chini, na masika lisogeze mvua isilifikie.

Kisiki usitupe, kikiwa kizima kitachipua vitoto.

Mtu_Chake:
Nunua la plastiki, ufute vumbi mpaka uchoke 😂

Njeri_wa_Ngong:
Mzee amemaliza, mimi naongeza tu. Hapa kwetu Julai ikileta baridi, ncha za majani zinakuwa nyekundu, zinapendeza ajabu. Dar usitarajie hiyo rangi, usije ukalia. Pia chunguza katikati ya majani, kuna vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti uwaguse mmoja mmoja.

Na majani mazima ya chini usitupe. Lishike, lizungushe taratibu litoke na kitako chake chote, lilaze juu ya mchanga mkavu. Likikatika kitako halioti kitu. Baada ya wiki chache utaona vimizizi vya pinki kama nyuzi, kisha kawaridi kadogo kuliko punje ya mchele.

Mama_Kibaraza:
Nimekata leo asubuhi. Mzee, duara la kahawia lilikuwepo kweli. Nikakata tena, bado. Mara ya tatu ndiyo nikaona kijani, hapo kichwa kimebaki na kijiti kifupi kuliko kiberiti. Kisiki chote kilikuwa kimeoza, hicho nimetupa. Kichwa kimekaa mdomoni mwa glasi tupu ili kidonda kisiguse kitu. Majani saba yamelala kwenye trei ya mayai. Mawili yalikatika kitako, nayo nimeyalaza hivyo hivyo, roho imeshindwa.

Vyungu vya kauri nimempa jirani apandie mnanaa.

Mzee_wa_Vyungu:
Vizuri. Na hicho kikombe mpe pia.